Siku Tuliyompeleka Babu kwa Muhammad Ali

Daftari lilikuwa la hesabu, lile la miraba, na kalamu alikabidhiwa binti yangu wa miaka 11. Tulikuwa mezani kwa kaka yangu mjini Louisville, jimbo la Kentucky, Marekani, usiku wa tatu tangu tutue tukitokea Dar es Salaam. Ugali umeshaliwa, sufuria imeloweshwa, wifi yangu anamenya machungwa, nami nasoma kwa sauti ratiba niliyoitunga tangu nyumbani: asubuhi makumbusho ya mbio za farasi, mchana makumbusho ya besiboli, alasiri makumbusho ya Muhammad Ali.

Baba yangu, ambaye watoto wote pale mezani wanamwita Babu, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Sasa hapo, mwanangu, mimi nitakaa wapi niwasimulie?"

Hakuna aliyemjibu. Binti yangu alikuwa ameshaandika "saa 3 farasi". Akanitazama, akamtazama babu yake, akapiga mstari juu ya maneno yale na kufungua ukurasa mpya. Kwa swali lile safari ilianza kupangwa upya.

Makumbusho ya michezo hayafanani na makumbusho mengine. Ukiwapeleka watoto kuona fuvu la Zinjanthropus pale Makumbusho ya Taifa, wewe na wao mnasimama sawa, maana hakuna kati yenu aliyekuwepo. Lakini historia ya michezo, sehemu kubwa yake, ni ya juzi tu. Aliyeisikia redioni, aliyeisoma gazetini, aliyenuniana na rafiki yake wiki nzima kwa ajili yake, bado yupo, anakunywa chai sebuleni kwako. Nasi tunapopanga safari tunamhesabu huyo miongoni mwa vikwazo: atachoka, atataka choo kila saa, atatuchelewesha. Nimeshaandaa safari nyingi za namna hiyo, na sasa naamini nilikuwa nakosea. Mzee ndiye wa kuanza naye, mengine yote yamfuate yeye.

Kwa hiyo tuliamua makumbusho moja kwa siku, na siku ya kwanza, yote, tukampa Babu.

Bondia Muhammad Ali alizaliwa Louisville tarehe 17 Januari 1942 kwa jina la Cassius Clay, na kwa wageni mji huo ni kama mji wake. Uwanja wa ndege tangu 2019 unaitwa kwa jina lake. Barabara kubwa katikati ya mji ina jina lake. Kituo cha makumbusho alichokianzisha pamoja na mkewe Lonnie kilifunguliwa Novemba 2005, hatua chache kutoka Mto Ohio. Nilijua hayo yote kwa kusoma. Babu alikuwa na yake, ambayo sikuwahi kumuuliza kwa utulivu hata siku moja.

Tarehe 30 Oktoba 1974 alikuwa kijana wa miaka 24, karani bandarini. Mpambano wa Ali na George Foreman pale Kinshasa ulianza yapata saa 10 alfajiri kwa saa za huko, ili Wamarekani wautazame usiku wao kwenye kumbi za sinema kwa njia ya setilaiti. Kwa saa za Dar es Salaam hiyo ni saa 12 asubuhi. Ina maana Foreman anaanguka raundi ya 8, huku kwetu jua limeshachomoza na watu wako njiani kwenda kazini. Babu anasema alikuwa kituo cha basi bila kujua lolote, na mpaka anafika ofisini hakuna aliyekuwa na uhakika. Kuna waliosema Ali kapigwa. Alikuwa ameweka ahadi na mwenzake: atakayeshindwa atanunua chapati na maharage kwa mwezi mzima. "Chapati zile," alituambia pale mezani, akiinua vidole viwili vilivyobana kipande cha chungwa, "zilikuwa tamu kuliko mshahara."

Watoto walicheka. Lakini nilichokiona mimi ni mtoto wa kaka yangu, kijana wa miaka 14 aliyezaliwa kulekule, ambaye Kiswahili chake kinachechemea. Alikuwa ametutangazia mapema kwamba makumbusho yale ameshayaona, walipelekwa na shule. Sasa alikuwa ameweka simu yake mezani kifudifudi.

Jirani wa kaka ni mama mmoja wa Bukavu. Louisville imepokea Wakongo wengi waliokimbia vita, na Kiswahili utakisikia dukani, kanisani, kwenye vituo vya basi. Wifi alimwita aje kunywa chai, naye aliposikia habari za Ali hakukaa. Alisimulia akiwa amesimama. Yeye alikuwa mtoto mwaka ule, mbali kabisa na Kinshasa, lakini anakumbuka kwamba walipocheza uani hakuna mtoto aliyekubali kuwa Foreman. "Sababu ya ule mbwa, muzee," alimwambia Babu. Foreman alikuwa ametua Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, na mbwa wake mkubwa wa Kijerumani, na watu wa pale mbwa wa aina hiyo walikuwa wamewaona kwa polisi wa Kibelgiji enzi za ukoloni. Ali hakuwa na haja ya kusema mengi baada ya hapo. Mji mzima ukawa unaimba kwa Kilingala, *Ali boma ye*, Ali muue. Foreman alikuwa na miaka 25, bingwa wa uzito wa juu ambaye hakuna aliyewahi kumshinda. Ali alikuwa na miaka 32. Rais Mobutu wa Zaire alikuwa ameahidi kila mmoja dola milioni 5.

Babu hakuijua habari ya mbwa. Miaka yote hii, alisema, hakuijua.

Usiku huohuo kila mtoto alipewa swali moja la kwenda nalo. Nasisitiza moja. Ukimpa mtoto karatasi ya maswali kumi unamgeuzia likizo kuwa mtihani, na atapita akinakili vibao bila kuinua uso. Mwanangu wa miaka minane alichagua mwenyewe: baiskeli ilikuwaje? Binti alitaka kujua kwa nini mtu abadili jina alilopewa na baba yake. Kijana wa kaka alipewa na Babu: Ali alipokonywa ubingwa bila kupigwa ulingoni, ilikuwaje? Jibu liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, kwa Kiswahili, hata kama ni sentensi mbili.

Tulianzia kwenye baiskeli. Sehemu hiyo haimo ndani ya makumbusho na haina tiketi, ndiyo maana wageni wengi huipita. Ni jengo kwenye Mtaa wa Nne ambalo zamani liliitwa Columbia Auditorium na sasa ni mali ya Chuo Kikuu cha Spalding. Mwaka 1954 Cassius, mwenye miaka 12, aliegesha nje ya jengo hilo baiskeli yake ya Schwinn, akaingia ndani, na alipotoka haikuwepo. Akaelekezwa chini kwenye chumba cha mazoezi, kulikokuwa na polisi mmoja aliyefundisha vijana ndondi, Joe Martin. Mtoto analia, anaapa kwamba mwizi huyo akimpata atampiga. Martin akamwambia heri ajifunze kwanza kupigana. Leo juu ya mlango wa jengo hilo imetundikwa baiskeli nyekundu. Mwanangu alisimama chini yake, shingo kaiinua mpaka kofia ikaanguka, na swali lake likazaa jingine: "Yule mwizi, aliwahi kujua?"

Nilimwambia aliandike hilo hilo. Ni swali zuri kuliko langu lolote.

Makumbusho yenyewe yanaanza kukuambia jambo kabla hujaingia. Kuta za nje zimepambwa vigae vya rangi, na ukiwa mbali, upande wa barabara ya mtoni, unamwona Ali akiwa amekaa mkao wa ngumi. Ukisogea anapotea, unabaki na vigae. Watoto walirudi nyuma na kusogea mbele mara sita au saba kutafuta mahali hasa anapopotelea. Usiwaharakishe hapo.

Ndani unaanzia ghorofa za juu na kushuka. Yamepangwa kwa mambo sita ambayo Ali alisema ndiyo yaliyomwongoza: kujiamini, msimamo, kujituma, kutoa, heshima na imani. Kuna nakala ya kambi yake ya mazoezi ya Deer Lake, kuna mahali pa kurushia ngumi kivuli chako, na kuna ule mpira mdogo unaoning'inia ambao bondia huupiga kwa mapigo ya haraka. Mwanangu alijaribu. Pigo la kwanza tu, mpira ukamrudia puani. Babu akamshika mkono, akaukunja kidole kimoja kimoja, gumba akaliweka nje. Sikujua kwamba baba yangu anajua kukunja ngumi. Alipiga polepole, ta-ta-ta, ta-ta-ta, akihesabu kwa mdomo, na mtoto akafuata mapigo yale mpaka nyuma yetu kukawa na foleni.

Asubuhi tulikuwa tumegombana kidogo kuhusu kiti cha magurudumu. Magoti yake hayavumilii kusimama saa nzima, nami nilikuwa nimepiga simu kabla ya siku hiyo kuulizia kiti. Alikataa. "Mimi si mgonjwa." Sikubishana naye, nilimwachia kijana wa kaka akisukume kiti kitupu nyuma yetu, kimebeba makoti na chupa za maji. Kwenye saa ya pili Babu aliketi mwenyewe bila neno, makoti yakahamia mikononi mwangu, na yule kijana aliyekuwa ameshayaona makumbusho akawa dereva. Kuanzia hapo walikwenda kwa mwendo wao. Nilibaki nyuma makusudi.

Mahali palipotunyamazisha ni kaunta ya mgahawa wa enzi za ubaguzi. Ukisogea kama mteja, sauti inakufukuza. Ali alisimulia kwamba alirudi mji huu mwaka 1960 na medali ya dhahabu ya Olimpiki ya Roma shingoni, akanyimwa chakula mgahawani kwa ajili ya ngozi yake, na katika kitabu cha maisha yake akaandika kwamba kwa hasira aliitupa medali ile Mto Ohio. Wapo waliokuwa karibu naye ambao baadaye walisema ilipotea tu. Nawaomba wazazi msiwafiche watoto kwamba simulizi hizi mbili zote zipo. Binti yangu aliuliza ni ipi ya kweli. Babu alimwuliza yeye, wewe ungefanyaje? Akafikiri muda mrefu. Akasema angeitupa, halafu kesho yake angeenda kuitafuta. Medali mbadala alikabidhiwa kwenye Michezo ya Atlanta ya 1996, Michezo ileile aliyowasha mwenge wake kwa mkono unaotetemeka kwa maradhi ya Parkinson.

Jina alilibadili mwaka 1964, siku chache baada ya kumshinda Sonny Liston Februari 25 na kuwa bingwa wa dunia. Aliita jina la zamani jina la utumwa. Binti alinakili hilo, kisha akaongeza kwamba baba yake Ali naye alikuwa Cassius na huenda aliumia. Hakuna kibao kilichomwambia hivyo. Nilifunga daftari nikamrudishia.

Kijana wa kaka alichukua muda mrefu kuliko wote kwenye swali lake. Tarehe 28 Aprili 1967, mjini Houston, Ali aliitwa jina mbele ya maofisa wa jeshi na hakupiga hatua mbele. Alikataa kwenda vita vya Vietnam. Siku hiyohiyo leseni yake ya ndondi ilisimamishwa New York na ubingwa ukachukuliwa. Juni akahukumiwa kifungo cha miaka mitano na faini ya dola 10,000. Hakuingia gerezani kwa kuwa alikata rufaa, ila hakupigana tena hadi Oktoba 1970, miaka mitatu na nusu ambayo kwa bondia ndiyo miaka yenyewe. Mahakama ya Juu ya Marekani ilimfutia hatia Juni 28, 1971, majaji wanane kwa sifuri. Kijana alisoma yote hayo kwa Kiingereza, akahangaika kuyaandika kwa Kiswahili. Alituuliza neno la kukataa kwa sababu ya dhamiri. Tulilijadili mimi na Babu katikati ya ukumbi, tukaishia kwenye "nafsi ilimsuta". Akaliandika.

Halafu tukafika kwenye mapambano. Kuna mahali unakaa na kuchagua pambano unalotaka kulitazama. Babu aliitazama Kinshasa. Miaka hamsini alikuwa amesimulia pambano ambalo alilipata kwa kuambiwa. Sasa alimwona Ali akiegemea kamba, mikono imefunika uso, Foreman akimshindilia raundi baada ya raundi katika joto lile, nguvu zikimwisha kidogo kidogo. Raundi ya 8 ilipofika Babu alishika mkono wa kiti. Foreman alipoanza kuanguka, anazunguka kama mtu anayetafuta pa kushika, nilimsikia akisema kwa sauti ndogo, "Kumbe hakumwongezea." Ndivyo ilivyokuwa: Ali alikuwa na ngumi nyingine imeshaandaliwa, na hakuirusha. Babu aliomba kuona tena kipande hicho. Kijana akakirudisha. Walikitazama mara nne.

Nilidhani siku imeishia hapo. Tulikaa kwenye benchi kupumzika, na ndipo Babu akasema, "Lakini kuna siku Ali alikuja Dar na hatukumfurahia."

Hakuna mtoto aliyewahi kuisikia hiyo, na mimi niliijua nusunusu. Majeshi ya Kisovieti yaliingia Afghanistan mwishoni mwa 1979. Rais Jimmy Carter alitaka dunia isusie Olimpiki ya Moscow ya 1980, akamtuma Ali Afrika kuwaomba viongozi wamuunge mkono. Kituo cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam, mwezi wa Februari. Mwalimu Nyerere alikataa kumpokea. Kwake, jambo zito la nchi na nchi haliletwi na mwanamichezo, hata awe nani. Waandishi wa habari nao wakamwuliza Ali: mwaka 1976 Afrika iliposusia Olimpiki ya Montreal kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilicheza na makaburu wa Afrika Kusini, Marekani ilikuwa wapi? Ali alikiri kwamba habari hizo hakuambiwa na waliomtuma. Akaenda Nairobi, ambako serikali ilikuwa tayari upande wa kususia, kisha akaendelea magharibi mwa bara.

"Ulimwona?" binti akauliza.

"Sikwenda. Na nilikuwa nampenda." Babu alikaa kimya kidogo. "Rafiki yangu wa chapati alikwenda. Tulinuniana."

Tanzania ilikwenda Moscow. Filbert Bayi, ambaye 1976 alibaki nje wakati ubingwa wa mita 1,500 ukigombewa bila yeye, safari hii alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Aliongoza kwa umbali mkubwa mpaka mzunguko wa mwisho, ndipo Bronisław Malinowski wa Poland akampita. Fedha. Suleiman Nyambui akapata fedha ya mita 5,000 nyuma ya Miruts Yifter wa Ethiopia. Hadi Michezo ya Paris ya 2024, hizo ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo nchi yetu imewahi kuzipata. Zimetokana na safari ambayo Muhammad Ali alitumwa kuizuia. Babu alilisimulia hilo ndani ya nyumba ya Ali mwenyewe, bila kinyongo, akiwa ametoka kumtazama mara nne.

Mengine nitayapitia haraka. Siku ya pili tulikwenda makumbusho ya Kentucky Derby, kwenye uwanja wa Churchill Downs. Ukienda, waulize habari za wapanda farasi weusi. Katika Derby ya kwanza, 1875, wapandaji 13 kati ya 15 walikuwa Weusi, na mshindi, Oliver Lewis, alikuwa mmoja wao. Isaac Murphy alishinda mara tatu. Jimmy Winkfield alishinda 1901 na 1902, na baada yake hajashinda Mweusi mwingine. Watoto walisimama pale wakihesabu miaka kwa vidole mpaka vidole vikaisha. Epuka tu wiki ya Jumamosi ya kwanza ya Mei, kwa kuwa mbio zenyewe huwa siku hiyo na vyumba vya kulala havishikiki kwa bei. Kwenye makumbusho ya besiboli ya Louisville Slugger, gongo kubwa la chuma lenye urefu wa futi 120 limeegemezwa ukutani nje, na ukimaliza kutembelea kiwanda unapewa gongo dogo. Liweke kwenye sanduku la kupakia chini ya ndege. Ukiliacha kwenye mkoba wa mkononi utalipoteza kwenye ukaguzi, na mtoto atalia uwanja mzima.

Saa za kufungua hubadilika kwa msimu na baadhi ya siku za wiki hufungwa, kwa hiyo zitazame usiku wa kuamkia. Beba kitu cha kumtia mzee tumboni mapema. Acha alasiri moja bila mpango wowote. Yetu tuliitumia kwenye makaburi ya Cave Hill, alikozikwa Ali tarehe 10 Juni 2016. Babu aliomba dua akiwa amekaa kwenye kiti chake, watoto wamesimama nyuma yake mikono wameikunjua.

Ndege ya kurudi ilikuwa ndefu. Mahali fulani juu ya bahari, taa zimezimwa, binti yangu alikuwa bado na daftari la miraba mapajani. Akamgusa Babu begani, akaomba amtajie herufi za Nyambui, na kama Bayi anaishi, na kama anaishi, wapi. Babu akamwambia yuko Pwani, ana shule yake Kibaha, ni saa moja na nusu tu ukipata gari zuri.

Akafungua ukurasa mpya, akaandika "Kibaha", akasubiri Babu aseme siku.